Shemeji Pekua na Swali la Mlango

Siku niliyohamia kwa dada yangu, baada ya ndoa yangu kuvunjika, shemeji alinifungulia mlango, akanipa pole, akanipokea mizigo, kisha akaifungua. Mbele ya macho yangu. Alitoa nguo moja moja, akazikung'uta, akazikunja upya vizuri kuliko nilivyozikunja mimi, halafu akasema, "Karibu shemeji, hapa ni kwako." Nilimtazama dada. Dada akainua mabega.

"Ndivyo alivyo," alisema. "Hata keki ya harusi yetu aliichungulia chini kabla haijakatwa."

Shemeji ni mkaguzi wa getini kwenye kiwanda cha sabuni. Zamu ikiisha, wafanyakazi wanajipanga mstari, naye anapapasa mifuko, anagonga visigino vya viatu, anafungua chupa za chai na kuzinusa. Ameshakuta sabuni ndani ya mkate, ndani ya soksi, chini ya kofia, na siku moja ndani ya bandeji ya mtu aliyekuwa akichechemea kwa uchungu wa kutia huruma. Kiwandani walimpa jina la Pekua. Jina likamfuata mtaani, likamfuata hadi kanisani, naye huliitikia bila kinyongo.

"Mtu anayenisalimia kwa furaha sana saa ya kutoka," huniambia, "huyo ana kitu."

Kwa hiyo nyumbani kwake ukimsalimia kwa furaha anakutazama mikono. Sisemi ni mtu mbaya. Ni mtu anayechosha. Mlango wa mbele una komeo tatu na kufuli, na ukitoka kumwaga maji machafu unafunguliwa kisha unafungwa nyuma yako kama ghala la benki. Ukirudi unabisha hodi na kujitaja, ingawa amekuona dirishani ukiwa na ndoo tupu mkononi.

Dada yangu hakufanana naye hata kidogo. Yeye hufua na kupiga pasi shuka za nyumba ya wageni, kazi ya kusimama kutwa nzima, na akirudi jioni miguu imemvimba bado anauliza nani mtaani anaumwa. Zamani nilidhani ni upole tu wa kuzaliwa. Nilipoishi naye ndipo nilipojua kwamba upole ule anauomba. Asubuhi, kabla hajavaa viatu, anapiga magoti kando ya kitanda na kumwomba Mungu ampe moyo wa siku hiyo, kana kwamba wa jana umeisha.

Basi, kanisani kwetu ulianzishwa utaratibu wa Ijumaa. Kulikuwa na watu wa milimani, mbali sana, safari ya basi mpaka barabara inakwisha na baada ya hapo ni miguu, ambao mvua zilikuwa zimewakimbia mwaka hadi mwaka. Mchungaji alisema kila nyumba hapa itapewa nyumba moja ya kule. Ijumaa jioni hamli. Kile ambacho mngepika, unga, maharage, mchele, mnakiweka kando kikiwa kikavu na kukileta Jumapili, na wakati ambao mngekula mnawaombea watu wa ile nyumba. Magunia yakijaa gari linapakiwa, na kule mwinjilisti wa kanisa lenzetu anayapokea na kuyagawa. Safari ya kwanza ingekuwa na mbegu pia, ili mvua zikirudi ziwakute tayari.

Dada alipewa mjane mwenye watoto. Jina hakupewa, kwa sababu mchungaji hakutaka shida za watu zitajwe kwa majina mbele ya kanisa zima.

"Hana jina?" shemeji aliuliza tukiwa njiani kurudi. "Basi hayupo."

"Yupo," dada alijibu. "Mungu analijua jina lake."

"Mungu sina wasiwasi naye. Nina wasiwasi na mchungaji."

Na kweli alikuwa nao. Alianza kumtembelea mchungaji saa za chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akikaa sebuleni na kunusa kama paka. Alitaka kujua ni maharage ya nani yanayochemka jikoni. Mke wa mchungaji, maskini, alidhani ana njaa, akawa anampakulia. Gari lilipoanza kupakiwa alijitolea kusimamia, na kanisa zima likamsifu kwa moyo wake wa kujitoa. Mimi nilikuwepo. Nilimwona akigonga magunia kwa kidole, akimzunguka dereva, akichungulia chini ya kiti chake. Dereva alikuwa mchangamfu, mtu wa utani na salamu nyingi, na hilo lilimharibia kabisa. Shemeji alimpekua hadi kofia.

Hakukuta kitu. Mtu mwingine angetulia. Yeye alisema, "Wamejipanga vizuri hawa."

Kuhusu Ijumaa zenyewe, nilikuwa na wasiwasi wangu mwenyewe. Shemeji ni mtu ambaye chai ikichelewa kidogo ananuna mpaka kuta zinajua. Lakini Ijumaa alirudi kazini mpole, akakaa mezani na dada mbele ya meza tupu, akafumba macho, akasema amina mahali pake. Mtu mwenye njaa hatulii hivyo. Nilimtazama kwa jicho la pembe wiki moja, nikamtazama ya pili. Kisha nikawa nafua, nikatoa leso kwenye mfuko wa suruali yake ya Ijumaa. Ilinuka samaki wa kukaanga, na kwenye pembe yake kulikuwa na makombo ya mkate.

Ng'ambo ya geti la kiwanda kuna kibanda cha samaki. Nilisimama na ile leso mkononi, damu ikanichemka. Dada yangu anashinda na pasi kutwa nzima, jioni anakunywa maji tu, na huyu anayepekua dunia nzima anakuja kukaa naye mezani akiwa ameshiba! Nilitaka kumwambia dada papo hapo. Nikashindwa. Alikuwa uani anaanika shuka na kuimba, na ningemnyang'anya kitu ambacho sikuwa na kingine cha kumrudishia badala yake. Niliifua ile leso, nikanyamaza, na tangu siku hiyo nikawa namwekea shemeji maji ya kunywa Ijumaa kwa kuyatua kwa kishindo.

Yeye akaendelea na uchunguzi wake. Siku moja baada ya ibada alimfuata mchungaji ofisini, sisi wawili tukiwa nyuma yake.

"Mchungaji, yule mama tunayemwombea, naomba aulizwe kitu."

"Uliza tu, mzee wangu. Mwinjilisti ana simu, huwa anapanda kule na kuturudishia sauti."

"Aulizwe mlango wa nyumba yake una rangi gani."

Mchungaji alicheka. Shemeji hakucheka. Nilimwelewa vizuri sana: mlango ni kitu ambacho mchungaji hajakiona, hawezi kukibuni haraka, na mtu wa kweli hulijibu swali hilo bila kufikiri. Ulikuwa mtego wa getini. Dada aliona haya mpaka akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Lakini mchungaji aliwasha simu, akarekodi swali lile kama lilivyo na kulituma.

Jibu lilichelewa. Kila Jumapili lilipokosekana shemeji alizidi kunenepa kwa furaha. "Wanaupaka rangi huo mlango," alisema. Halafu Jumapili moja mchungaji alituita ofisini, akafunga mlango, akaiweka simu juu ya meza. Nilimwona usoni kwamba hakuwa na raha.

Kwanza ulisikika upepo, na mtoto akikohoa. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka.

"Mwambieni huyo ndugu sina mlango. Nina gunia nimelitundika. Lina rangi ya gunia."

Dada alijiziba mdomo. Lakini mwanamke yule hakuwa amemaliza.

"Na mimi nina swali. Hapa kwetu watu wameshakuja. Walikuja wengine wakatupiga picha mimi na wanangu, wakasema watarudi. Walikuja wengine na unga, tukala, tukashukuru, ndipo wakauliza shamba letu linaishia wapi. Sasa naambiwa kuna mtu mbali huko, hanijui simjui, anaacha chakula chake kwa ajili yangu. Na anataka kujua mlango wangu. Kwa nini? Anatafuta nini kwangu? Muulizeni hivi: hiyo Ijumaa asipokula, analala vipi? Njaa naijua, akisema nitajua kama ni kweli. Nikimwona mwongo, gunia lake na mbegu zake nazirudisha. Gunia liko hapa, sijalifungua. Wanangu wamezoea njaa, lakini kudaiwa na mtu nisiyemjua, hapana."

Ikakatika.

Nilimtazama shemeji. Mtu aliyezoea kuwasimamisha wengine na kuwatazama machoni alikuwa anaitazama sakafu. Dada naye alikuwa anamtazama yeye. Wote watatu tulingoja aseme neno dogo tu, mtu anayefunga hakosi neno, na yeye hakuwa nalo.

"Mzee wangu," mchungaji alisema kwa upole, akidhani ni haya tu, "jibu si gumu. Sema unamtegemea Mungu naye anakutia nguvu. Mwinjilisti amesema mvua zinakaribia kule. Asipolifungua gunia mapema, hata mbegu hazitapandwa."

"Hapana," shemeji alisema. "Huyo atajua."

"Atajua nini?"

"Nipe hadi Jumapili ijayo, mchungaji."

Njiani dada alitangulia mbele yetu peke yake. Hakumuuliza mumewe chochote, siku ile wala siku zilizofuata. Alimpikia, alimpigia pasi shati la kazi, alimwitikia. Hakumuuliza tu. Naamini kama angegomba, shemeji angejitetea na mambo yangeisha. Ule utulivu wake ulimfanya atembee ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliye kwenye mstari wa getini na sabuni kwenye soksi.

Mimi lakini sina subira ya dada. Nilimbana jikoni.

"Shemeji, samaki wa ng'ambo ya geti ni watamu?"

Aliuangalia mlango wa jikoni. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Dada yako anajua?"

"Kichwa anacho. Sasa yule mama wa milimani ana watoto na gunia lililofungwa, anasubiri kusikia unalala vipi. Utamwambia nini?"

"Nilidhani hayupo," alisema. "Mtu hafungi kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

"Na mkeo je? Naye hakuwepo pale mezani?"

Aliinamisha kichwa, akatoka jikoni. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini kidogo tu.

Alhamisi jioni nilimsikia akimwuliza dada, kwa namna ya mtu anayeuliza mambo ya hali ya hewa, kwa nini anamwamini yule mama hata kabla hajasikia sauti yake. Dada alikuwa anachambua mchele wa kuweka kando.

"Si yeye niliyeanza kumwamini," alisema. "Bwana Yesu alikula na watu ambao hakuna aliyetaka kula nao, na hakuwapekua mlangoni. Mimi nikikaa mbele ya meza tupu Ijumaa, naona kama amekaa upande ule mwingine pamoja na yule mama na watoto wake, na nafasi imebaki ya kwangu. Ndiyo hivyo tu. Sijui kueleza vizuri."

"Na wakikudanganya?"

"Nitakuwa nimedanganywa. Lakini yeye akiwa yupo, na mimi nikala nikalala, hilo nitaliweka wapi?"

Ijumaa ilipofika nilimsubiri shemeji mlangoni. Nilifungua komeo zote tatu na kufuli, nikasimama katikati ya mlango.

"Mikono juu," nilisema.

"Shemeji, acha mzaha."

"Viatu."

Alivua viatu. Niligonga visigino. Nilifungua chupa yake ya chai na kuinusa, nikageuza mifuko, nikanusa leso, nikamwambia apumue. Hakuwa na kitu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa ya kweli, mbaya kweli kweli. Sikumwonea huruma. Nilimpisha akaingia.

Jioni ile haikuwa na utakatifu wowote. Jirani alikaanga vitunguu, shemeji akafunga dirisha kwa hasira, akalifungua, akalifunga tena. Aligombana na mimi kwa ajili ya kijiko nilichokiweka mahali pasipo pake. Mezani alifumba macho, tumbo likanguruma katikati ya sala ya dada, naye akalishika kwa mikono miwili kana kwamba limemtukana mbele za watu. Dada aliendelea kuomba. Alipofika kwa watoto wa yule mama aliwataja mmoja mmoja kama alivyowafikiria, anayekohoa kwanza. Nilifumbua jicho. Shemeji alikuwa anamtazama mkewe, macho yamejaa machozi, na hakujua kwamba namwona.

Jumapili mchungaji aliwasha simu. Shemeji aliinama juu ya meza na kuzungumza kwa nguvu, kama watu wa umri wake wanavyoongea na mbali.

"Mama, habari za huko. Mimi ndiye niliyeuliza mlango. Kazi yangu ni kusimama getini na kupekua watu, na nimeizoea mpaka naibeba hadi nyumbani. Umeuliza Ijumaa nalala vipi. Ijumaa zote zilizopita nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Mke wangu ndiye aliyefunga. Mimi nilikula samaki na mkate karibu na kazini, kisha nikarudi nikakaa naye mezani kama mwenzake. Yuko hapa, anasikia, na ni leo ndiyo namwambia."

Aliweka viganja juu ya meza. Mchungaji alikuwa amepigwa na butwaa. Dada hakusogea.

"Ijumaa hii nimefunga. Nilikuwa na hasira. Nilimchukia jirani kwa vitunguu vyake, nikagombana na shemeji yangu juu ya kijiko. Usingizi haukuja. Lakini muda wote nilijua asubuhi kuna chai, na mkate uko kabatini. Kwa hiyo njaa yako siijui, mama, na sitakudanganya kwamba naijua. Shamba lako silitaki. Mimi mlango wangu una komeo tatu na kufuli, ndiyo maana nilidhani kila mtu ana mlango wa kuelezea. Mimi bado nawashuku watu, ndivyo nilivyo. Lakini gunia hilo ni la mke wangu, anayemwombea huyo mtoto wako anayekohoa, na yeye hana hila. Lifungue. Panda."

Mchungaji alituma. Dada alimshika mumewe mkono tukitoka, wakatembea hivyo mpaka nyumbani, na mimi nilibaki nyuma nikijifanya kijiwe kimeingia kwenye kiatu.

Mawingu yalikuwa yameanza hata huku kwetu. Kila jioni dada alitoka uani kuyatazama, akihesabu moyoni yako upande gani, na shemeji alisimama nyuma yake. Sijawahi kumwona akisubiri kitu bila kukitilia shaka. Sasa alisubiri kwa shaka na kwa hofu pia, na nadhani hofu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Jibu lilipofika tulikaa wote wanne kuizunguka simu. Safari hii hapakuwa na upepo. Kulikuwa na mlio wa mvua juu ya kitu kigumu, na ile sauti kavu ikipaza juu yake.

"Huyo ndugu nimemsikia. Kumwamini bado, ila hajanidanganya. Gunia nimelifungua, tumekula, na mbegu ziko chini ya udongo. Wanangu wamecheka sana habari ya kijiko. Mwambieni huyo mama wa Ijumaa namshukuru, na anayekohoa anaendelea vizuri."

Dada alilia wazi wazi. Mchungaji alinyoosha mkono azime, lakini sauti ikaendelea.

"Na huyo mume wake. Mimi nikishusha gunia langu mlangoni nalala. Kinachoingia ni mbuzi wa jirani, namfukuza, nalala tena. Yeye ana komeo tatu na kufuli, na bado aliniogopa mimi. Nimemfikiria sana. Mwambieni nimeshawaambia wanangu, Ijumaa tutakuwa tunamwombea. Shida yake unga hauiwezi."

Shemeji aliisogelea simu. Kisha akamgusa mchungaji mkono.

"Rudisha hapo mwisho."

Mchungaji akarudisha. Shemeji alisikiliza akiwa amefumba macho na kichwa amekiinamisha, kama anavyosikiliza kisigino cha kiatu anapokigonga. Aliomba parudishwe tena. Nilijua anachotafuta. Anatafuta uongo. Dada alijua pia, akanikonyeza ninyamaze.

"Anasema kweli," shemeji alisema mwishowe. "Huyu mama ananionea huruma mimi."

Ijumaa iliyofuata nilikuwa mlangoni kama kawaida. Nilisikia hatua zake, nikafungua, nikajiandaa kumwambia mikono juu. Alikuwa ameshaiinua, viatu amevishika kimoja huku na kimoja huku, na mifuko yote ya suruali imening'inia nje.